Gemu Zilizotengenezewa Mashine ya Kufikirika

Anayefungua leo gemu ya Mario iliyotengenezwa na mashabiki mwanzoni mwa miaka ya 2000 huenda akacheza kwa raha dakika kadhaa, kisha muziki ugeuke kelele na picha igande. Wengi hukimbilia kumlaumu mtengenezaji. Wanamwonea.

Mashine ya asili ni Super Famicom ya Nintendo, iliyoingia sokoni Japani Novemba 1990 pamoja na gemu ya Super Mario World. Mwaka 1997 ikatoka ZSNES, emuleta iliyoiga mashine hiyo ndani ya kompyuta za nyumbani. Kompyuta za siku hizo zilikuwa dhaifu, hivyo waandishi wake waliandika sehemu kubwa kwa lugha ya asembli na kuacha baadhi ya kanuni za mashine halisi ili gemu zisiende kwa kusuasua. Mwaka 2000 mtaalamu anayejulikana kwa jina la FuSoYa akatoa Lunar Magic, programu ya kuhariri Super Mario World. Mashabiki wakaanza kujijengea hatua zao wenyewe, na wengi wao walizijaribu ndani ya ZSNES tu.

Hapo ndipo chanzo cha balaa, na mfano ulio wazi zaidi ni mwangwi. Upande wa sauti wa mashine ile una kumbukumbu ya kilobaiti 64. Humo hukaa programu ya kupiga muziki, nyimbo zenyewe, sauti za ala na pia mwangwi, ambao ukirefushwa hadi mwisho humeza kilobaiti 30. ZSNES iliutengea mwangwi nafasi ya pembeni. Shabiki aliyeongeza nyimbo nyingi na mwangwi mrefu hakuona dosari yoyote. Kwenye mashine halisi, mwangwi huohuo huandikwa juu ya nyimbo, au juu ya programu inayozipiga. Prosesa ya sauti hupotea njia, na prosesa kuu ikiendelea kungoja jibu lake, gemu nzima husimama.

Picha nazo zilikuwa na mtego wake. Mashine halisi hukataa data inayoandikwa kwenye kumbukumbu ya picha wakati skrini inachorwa, ZSNES iliipokea. Kazi iliyotegemea ruhusa hiyo hutoa maandishi yaliyokatika ikichezwa kwingine.

Siri hizi zilifichuka kadiri emuleta zilivyozidi kuwa sahihi. Kuanzia 2004, mtengenezaji aliyejiita byuu alijenga bsnes kwa nia ya kuiga mashine kama ilivyo. Mwaka 2011 alieleza kwamba usahihi huo unadai kompyuta ya gigahezi 3, ingawa prosesa inayoigwa haifiki hata megahezi 4. Ni kazi ya kuheshimiwa sana, lakini kadiri ilivyokaribia ukweli, ndivyo gemu za mashabiki zilivyozidi kuanguka.

Gemu isiyofunguka kabisa huwa na ugonjwa mwingine. Vifaa vya zamani vya kunakili katriji viliongeza baiti 512 mwanzoni mwa faili. Gemu za mashabiki husambazwa kama viraka, yaani mafaili ya mabadiliko yanayobandikwa juu ya faili la gemu ya asili. Viraka vya IPS haviwezi kukagua kama baiti hizo zipo au hazipo, basi kiraka kikikutana na faili lisilo lake, kila badiliko huangukia mahali pasipo pake. Viraka vya BPS, alivyobuni byuu, hukagua faili kwanza na kulikataa lisilofaa.

Dawa ipo. Matoleo ya karibuni ya bsnes na Snes9x yana chaguo la kuutenga mwangwi na la kuruhusu uandishi ule wa picha, yaani yanaiga kwa makusudi makosa ya ZSNES, ambayo toleo lake la mwisho, 1.51, lilitoka 2007. Kurudi kwenye ZSNES yenyewe ni hatari: mwaka 2015 ilidhihirika kwamba faili la gemu lililotegwa laweza kuitumia kuendesha programu ngeni kwenye kompyuta. Kwa hiyo kabla ya kuifuta gemu ya zamani, kagua baiti zile 512, kisha washa chaguo hizo mbili. Nawe unayetengeneza gemu leo, andika ndani ya kifurushi chako jina la emuleta uliyoijaribia na namba ya toleo lake.