Cheltenham: Fedha za Akina Mama, Hatamu za Akina Baba

Kila mwezi wa Machi, mji wa Cheltenham huko Uingereza hufurika watu waliokuja kutazama farasi. Hizi si mbio za uwanja mtupu kama zile za Ngong, Nairobi. Hapa farasi huruka viunzi. Katika mbio za Kombe la Dhahabu, ambazo ndizo kilele cha tamasha, huruka viunzi 22 katika umbali wa zaidi ya kilometa 5. Kisha, pumzi zikiwa zimekwisha, hukutana na mwinuko kabla ya mstari wa mwisho. Farasi wengi walioruka vizuri wameshindwa na mwinuko huo.

Tamasha hilo lilipata makao ya kudumu katika uwanja wa Prestbury Park mwaka 1911. Kombe la Dhahabu la viunzi lilianza mwaka 1924, likachukuliwa na farasi Red Splash, na mshindi akapata pauni 685. Mwaka 2001 tamasha lilifutwa kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo. Mwaka 2005 siku 3 zikawa 4. Hayo yamo katika kila kitabu cha kumbukumbu. Ninalotaka kulizungumza leo, ndugu msikilizaji, ni akina mama.

Farasi Golden Miller alitwaa kombe hilo mara 5 mfululizo, 1932 hadi 1936. Mwenye farasi alikuwa Bi. Dorothy Paget, tajiri aliyecheza kamari kama mtu asiyeijua hasara. Arkle, farasi wa Kiayalandi ambaye wengi husema hajapata kutokea kama yeye, alishinda 1964, 1965 na 1966. Mwenye farasi alikuwa Duchess wa Westminster. Kwa hiyo akina mama walikaribishwa kulipa gharama. Je, kumfundisha farasi huyo? La hasha! Wakubwa wa mbio, Jockey Club, hawakumpa mwanamke leseni ya ukufunzi. Bi. Florence Nagle alifundisha farasi kwa miaka mingi huku leseni imeandikwa jina la mnyapara wa banda lake, yaani mtu aliyemwajiri mwenyewe! Aliwapeleka wakubwa hao mahakamani. Mwaka 1966, baada ya Mahakama ya Rufani kuona kuwa ana hoja, wakasalimu amri.

Ajabu ni kwamba hapa Afrika Mashariki, katika Kenya ya wakoloni, Beryl Markham alikuwa amekwisha kupewa leseni kama hiyo katika miaka ya 1920.

Kupanda kulichelewa zaidi. Wanawake wa Uingereza waliruhusiwa kushindana na wanaume katika mbio za viunzi mwaka 1976, baada ya sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia. Mwaka 1983 Caroline Beasley akawa mwanamke wa kwanza kushinda Cheltenham akiwa juu ya farasi, na mwaka uliofuata Jenny Pitman akawa mkufunzi wa kwanza mwanamke kutwaa Kombe la Dhahabu, kwa farasi Burrough Hill Lad.

Mwaka huohuo wa 1984, farasi jike Dawn Run alishinda Champion Hurdle. Mwenye farasi, Bi. Charmian Hill wa Ayalandi, alikuwa amempanda yeye mwenyewe katika mbio za mwanzo, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, mpaka wakubwa wakamnyima leseni. Mwaka 1986 Dawn Run alitwaa na Kombe la Dhahabu. Hakuna farasi mwingine aliyepata yote mawili. Miezi michache baadaye alianguka mbioni huko Ufaransa, akafa. Mchezo huu ndivyo ulivyo, na wanaoupinga hawasemi bure.

Machi 2021 majukwaa yalikuwa matupu kwa sababu ya korona. Katika ukimya huo Rachael Blackmore wa Ayalandi alishinda mara 6, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza wapanda farasi wote wa tamasha. Kombe la Dhahabu lenyewe lilimponyoka: farasi wake A Plus Tard alikuwa wa pili, nyuma ya Minella Indo. Mwaka 2022 watu walirudi, na farasi hao wawili wakakutana tena. Safari hii A Plus Tard alitangulia, na Minella Indo alikuwa nyuma yake kwa urefu wa farasi 15.