Melatonini, homoni ya giza la usiku

Neno melatonini limetufikia kupitia vibandiko vya chupa za vidonge na mazungumzo ya afya, na karibu kila mara huandamana na maelezo yale yale: homoni ya usingizi. Maelezo hayo ni mepesi kukumbukwa, lakini biolojia inayakataa. Mtazame popo. Usiku ukiingia, melatonini hupanda katika damu yake kama inavyopanda katika damu ya mwanafunzi anayesinzia juu ya daftari. Mwanafunzi anaelekea kitandani, popo anatoka kutafuta chakula. Panya naye ndivyo alivyo. Homoni ni ile ile, wakati ni ule ule, ila mmoja inamlaza na mwingine inamkuta kazini.

Jina lenyewe halisemi lolote kuhusu kulala. Mwaka 1917 watafiti wawili wa Marekani, McCord na Allen, waliwapa viluwiluwi dondoo ya tezi ya pineali, tezi ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, waliyoitoa kwa ng'ombe. Viluwiluwi wakapauka, kwa kuwa chembe za melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, zilijikusanya katikati ya seli badala ya kutawanyika. Mwaka 1958 Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale aliyeshughulikia maradhi ya ngozi kupoteza rangi, kama vile mbalanga, alifaulu pamoja na wenzake kuitenga kemikali yenyewe kutoka katika maelfu ya tezi za ng'ombe. Jina likaundwa kwa vipande viwili: mela, la asili ya Kigiriki lenye maana ya weusi, na tonini, kutoka serotonini, kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa melatonini. Kwetu melanini na melatonini zinatofautiana kwa silabi moja tu, kwa hiyo mwandishi na mhariri wawe macho: ya kwanza ni rangi, ya pili ni homoni.

Sasa tuone inavyotengenezwa. Katika retina, nyuma ya jicho, zipo seli chache ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga, hasa wa samawati, wala si kutambua sura za vitu. Hupeleka habari kwenye fungu dogo la seli katika haipothalamasi, ambalo ndilo saa ya mwili. Usiku, saa hiyo huachia ishara ishuke kwenye uti wa mgongo, ipitie shingoni, kisha ipande hadi kwenye tezi ya pineali. Huko kimeng'enya maalumu huongezeka na homoni huingia katika damu. Kwa mtu mzima huanza kupanda saa mbili hivi kabla ya muda wake wa kawaida wa kulala, na hufika kileleni kama kati ya saa 8 na saa 10 usiku. Washa taa kali wakati huo, na kiwango chake kitaanza kuporomoka baada ya dakika chache.

Basi tuiite homoni ya usiku? Usiku wenye taa kali huikandamiza. Homoni ya giza? Jifungie chumbani saa 6 mchana, shusha mapazia mazito, na bado haitapanda, maana saa ya mwili inajua kuwa ni mchana. Inataka vyote viwili, wakati na giza. Ndiyo maana mimi naiita homoni ya giza la usiku. Ni maelezo marefu kidogo, lakini hakuna neno ndani yake linaloweza kuondolewa.

Urefu wa giza hilo nao ni habari. Uskoti, usiku wa Desemba hukaribia saa 17, na wa Juni haufiki saa 7. Usiku unapoanza kurefuka, melatonini hukaa muda mrefu zaidi katika damu ya kondoo, naye huingia kwenye joto. Hubeba mimba miezi mitano hivi na kuzaa majani mapya yanapochipuka. Wapo wafugaji wanaopachika kidonge cha melatonini chini ya ngozi ya sikio la kondoo ili kuuwahisha msimu. Kwa hamsta wa Siberia mambo ni kinyume: usiku mrefu husinyaza korodani zake. Karibu na Ikweta, ambako usiku ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kondoo wa Kimasai anaweza kushika mimba mwezi wowote, na yenye uzito kwake ni malisho. Ni huku huku kwenye usiku usiobadilika ndiko Waswahili walikoweza kuanza kuhesabu saa tangu jua kuchwa, tukio lile lile ambalo tezi ya pineali hulisubiri.

Mtoto mchanga hana mpigo wake wa melatonini hadi afikie kama miezi mitatu. Maziwa anayonyonya usiku huwa nayo, ya mchana karibu hayana kabisa, na hilo nadhani kila mama anastahili kulijua.

Maelezo mabaya yana madhara. Anayeamini kwamba hii ni dawa ya usingizi huimeza saa yoyote na kungoja imwangushe kama diazepamu. Kazi yake kubwa ni kuiambia saa ya mwili kwamba usiku umeingia: ikimezwa jioni huivuta saa hiyo mbele, ikimezwa alfajiri huirudisha nyuma. Ndiyo maana huwasaidia baadhi ya vipofu ambao saa ya mwili wao, kwa kukosa mwanga, huachana na mchana na usiku wa nje.

Hata hivyo, maelezo yangu nayo yana mpaka. Mwaka 1995 melatonini ilitambuliwa katika mimea inayoliwa. Mmea hauna tezi ya pineali. Ndani yake melatonini hupunguza makali ya molekuli zinazoharibu seli wakati wa ukame, baridi au chumvi nyingi, na watafiti wamejaribu kuinyunyizia mahindi ili yastahimili kiu. Kwa hiyo katika kamusi istilahi ibaki melatonini, ngeli ya i-zi, na homoni ya giza la usiku iwe fasili yake kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Kwa mahindi, fasili ianze na kinga.