Jiwe la Liwa

Jiwe la bibi lina shimo katikati. Hapo alisugua kijiti cha liwa kwa marashi ya mawaridi, polepole, hadi ukatoka uji mzito wa kumpaka bibi harusi. Singo ya kusugulia mwili nayo ilitwangwa uani: asumini, mlangilangi, mawaridi, karafuu. Kilimo cha karafuu si cha kale sana Unguja. Kilienea enzi za Sultani Seyyid Said, karne ya 19. Nywele zilipewa nazi: unakuna, unakamua tui, unalichemsha mpaka mafuta yaelee.

Katika vyote hivyo, ngano haimo. Si kwamba wazee walijua madhara yake. Ngano hailimwi kwetu, basi. Mwaka 1950, Mholanzi Willem Dicke alieleza katika tasnifu yake jinsi ngano inavyowadhuru wagonjwa wa siliaki. Mimi ni mmoja wao. Daktari alinituliza: gluteni, ile protini ya ngano, haipenyi ngozini, ya kuogopa ni inayofika mdomoni. Kwa hiyo nachunga zaidi rangi ya midomo.

Juzi nilinunua singo ya pakiti. Ndani mlikuwa na unga mweupe usiotajwa popote. Muuzaji akasema, “Ni wa kuongezea uzito tu, dada.” Nikamrudishia.