Gari Lililozikwa Mchangani

Mtu apitaye penye karakana ya mafundi wa magari huona vyuma vingi vimetapakaa chini: rejeta iliyotoboka, magurudumu yasiyo na mipira, injini iliyofunguliwa ikaachwa wazi. Mpita njia huviona vyote hivyo kuwa takataka, lakini fundi huviona kuwa akiba. Na wahenga walisema kuwa akiba haiozi. Habari ninayokusudia kuisimulia hapa ni ya gari moja lililoundwa kwa vipande vilivyookotwa huku na huku, vingine vya magari na vingine vya eropleni. Gari hilo liliyapita magari yote ya ulimwengu kwa mbio, likamwua dereva wake, likazikwa mchangani kama azikwavyo mtu, kisha baada ya miaka 42 likafukuliwa na kutengenezwa upya.

Kwanza yafaa tufahamu ni gari la namna gani. Magari mengi hutoka kiwandani yakiwa kamili, na kila kipande kimefanywa kwa ajili ya vipande vyenziwe. Lakini tangu zamani wamekuwako watu ambao hawakuridhika na magari ya kiwandani, au hawakuweza kuyanunua, wakaamua kujiundia yao. Hutwaa fremu ya gari moja, injini ya gari la pili, ekseli za gari la tatu, wakaviunganisha mpaka vikawa kitu kimoja. Huko Uingereza gari la namna hiyo huitwa speshali. Kazi hiyo si rahisi kama isikikavyo. Injini yenye nguvu nyingi huweza kuvunja giaboksi isiyoweza kuistahimili. Fremu nyepesi huweza kupindika kwa uzito. Na breki zilizotosha kusimamisha gari la kwanza huenda zisitoshe kusimamisha la pili. Mwunda speshali hana kitabu cha kiwanda cha kumwongoza. Hana budi kupima, kukadiria, kujaribu na kukosea.

Sababu iliyozidisha magari ya namna hii katika miaka ya 1920 ilikuwa vita. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, eropleni zilikuwa vyombo dhaifu. Ilipokwisha mwezi wa Novemba 1918, viwanda vilikuwa vimejifunza kuunda injini za eropleni zenye nguvu kubwa mno. Marekani peke yake, baada ya kuingia vitani mwaka 1917, ilitengeneza zaidi ya 20,000 za injini iitwayo Liberty. Injini hiyo ilikuwa na silinda 12, ukubwa wa lita 27, na nguvu za farasi wapata 400. Ili msomaji aelewe ukubwa huo, na akumbuke kuwa magari mengi madogo ya siku hizi yana injini ya lita moja au moja na nusu. Amani ilipokuja, injini nyingi zilibaki bila kazi, nazo ziliuzwa kwa bei ndogo sana zikilinganishwa na gharama ya kuziunda. Hivyo silaha za jana zikawa mabaki ya leo, na mabaki hayo yakaangukia mikononi mwa watu waliopenda mbio za magari.

Mmoja wao alikuwa kijana aliyeitwa Louis Zborowski. Alizaliwa mwaka 1895, akarithi mali nyingi kwa upande wa mama yake, aliyekuwa wa ukoo tajiri wa Marekani. Kwa upande wa baba alirithi jambo jingine, nalo ni mapenzi ya mbio. Baba yake, Eliot Zborowski, alikufa mwaka 1903 akishindana kwa gari katika mlima wa La Turbie, kusini mwa Ufaransa. Kifo hicho hakikumtisha mwana. Katika shamba lake la Higham, karibu na mji wa Canterbury, Zborowski alikuwa na karakana yake mwenyewe, na pamoja na mhandisi Clive Gallop alianza kuunda speshali. Ya kwanza ilikuwa na fremu ya Mercedes ya kabla ya vita, iliyorefushwa ili ipokee injini ya eropleni ya Kijerumani, Maybach, yenye lita 23. Gari hilo, lililoitwa Chitty Bang Bang, lilishinda mara mbili katika mashindano ya Pasaka ya mwaka 1921 kwenye uwanja wa Brooklands. Gari la pili la jina hilo lilikuwa na injini ya Benz ya karibu lita 19, nalo mwaka 1922 lilivushwa bahari mpaka Afrika ya Kaskazini, likaenda kutembezwa katika jangwa la Sahara.

Lakini gari lililomshughulisha zaidi Zborowski mwishoni ni lile lililopewa jina la shamba lake, Higham Special. Hapo ndipo alipotumia injini ya Liberty. Tatizo kubwa halikuwa kupata injini, bali kupata kitu cha kuipeleka nguvu yake kwenye magurudumu. Injini ya eropleni huundwa ili izungushe rafadha. Haina klachi wala gia. Giaboksi za kawaida zingesagika mara moja. Basi ikatwaliwa giaboksi ya gari la Kijerumani la kale, Blitzen Benz, ambalo mwaka 1909 lilikwisha kupita mwendo wa kilomita 200 kwa saa, na ambalo lenyewe lilikuwa na injini ya zaidi ya lita 21. Kutoka hapo nguvu ilipelekwa kwenye magurudumu ya nyuma kwa minyororo miwili, mmoja kila upande, kama mnyororo wa baiskeli ila ni mkubwa na mzito. Wakati huo njia hiyo ya minyororo ilikuwa imekwisha kuachwa na waunda magari wengi. Lakini kwa nguvu nyingi namna ile, mtindo wa zamani ulionekana kuwa salama kuliko mpya.

Zborowski hakuliona gari hilo likikamilika. Mwezi wa Oktoba 1924, akishindana katika uwanja wa Monza, Italia, alipata ajali akafa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Mali yake ilipouzwa, Higham Special lilinunuliwa kwa pauni 125 tu.

Mnunuzi alikuwa John Godfrey Parry-Thomas. Huyu alizaliwa mwaka 1884 mjini Wrexham, katika nchi ya Wales, iliyo upande wa magharibi wa Uingereza. Hakuwa mtoto wa tajiri. Alisomea uhandisi, akapanda mpaka kuwa mhandisi mkuu katika kampuni ya magari ya Leyland, kisha akaiacha kazi hiyo akaenda kukaa papo hapo Brooklands, ili maisha yake yote yawe katika kuunda na kuendesha magari ya mbio. Zborowski alikuwa mwenye mali aliyependa vyuma. Thomas alikuwa mwenye elimu ya vyuma asiye na mali nyingi. Gari la pauni 125 lilimfaa. Alilifungua, akaliunda tena kwa mawazo yake: akatia kabureta nne, akaweka pistoni alizozibuni mwenyewe, akalivika bodi ndefu ya kukata upepo. Kisha akalipa jina jipya, fupi na la upole, kana kwamba ni la mtoto wa nyumbani: Babs.

Mwezi wa Aprili 1926 Thomas alilipeleka gari lake Pendine, kusini mwa Wales, ambako maji ya bahari yakipwa hufunuka ufuko wa mchanga mgumu wenye urefu wa maili saba. Wakati huo rekodi ya mwendo duniani, iliyowekwa mwezi wa Machi mwaka huo huo na Henry Segrave, ilikuwa maili 152 kwa saa. Tarehe 27 Aprili Babs lilikwenda maili 169. Kesho yake lilifika maili 171, yaani kilomita 275 kwa saa. Gari lililokusanywa kutoka mabaki ya vita, kutoka gari la kale la Kijerumani, na kutoka mnada wa mali ya marehemu, sasa lilikuwa la kwanza duniani.

Sifa hiyo haikudumu mwaka mzima. Tarehe 4 Februari 1927, papo hapo Pendine, Malcolm Campbell alipita maili 174 kwa saa kwa gari lake Blue Bird. Tena ilijulikana kuwa Segrave alikuwa akijitayarisha kwenda Marekani na gari jipya lenye injini mbili za eropleni. Kama Thomas alitaka kuirudisha rekodi yake, ilimpasa afanye haraka.

Tarehe 3 Machi 1927 alirudi mchangani. Akaanza kukimbia, na gari likiwa katika mbio kubwa mno, likapoteza mwelekeo, likapinduka, likaburuzika mbali. Thomas alikufa pale pale. Hakuwa ametimiza umri wa miaka 43. Wakati ule ilisadikiwa kuwa mnyororo wa upande wa kuume ulikatika ukampiga kichwani. Wiki nne hazijapita, Segrave alikwenda zaidi ya maili 203 kwa saa huko Daytona, Marekani. Basi hata kama Thomas angeishi na kushinda siku ile, ushindi wake usingalifika mwisho wa mwezi.

Thomas alizikwa karibu na Brooklands. Na gari je? Rafiki zake hawakutaka kulitengeneza wala kuliuza kwa vipande, ingawa injini yake ilikuwa na thamani. Walichimba shimo katika vilima vya mchanga vya Pendine, wakalitumbukiza humo, wakalifukia. Tendo hilo lina maana ya kufikiriwa. Mtu aliyefiwa hutaka kukiondoa machoni kitu kilichomwua mpenzi wake. Lakini pia hutaka kukiheshimu, kwa kuwa ndicho alichokipenda marehemu. Kuzika kuliyatimiza yote mawili.

Babs likalala mchangani miaka 42. Vita nyingine Kuu ikaja ikapita, na sehemu ile ya pwani ikawa chini ya jeshi. Hata mwaka 1969 akatokea Owen Wyn Owen, mwalimu wa uhandisi kutoka kaskazini mwa Wales, akataka kulifukua. Hapana budi msomaji ajiulize: je, ilikuwa halali? Mtu aweza kusema kuwa kaburi liachwe, maana waliozika walikuwa na haki ya kuzika. Mwingine aweza kujibu kuwa mchanga ulikuwa ukiila kazi ya mikono ya marehemu, na kuiacha iliwe si heshima. Owen hakujichukulia uamuzi huo peke yake, bali aliomba kwanza ruhusa ya wenye mamlaka ya mahali pale, na ya jamaa za Thomas. Alipokwisha kuipata ndipo alipochimba.

Kilichotoka ardhini kilikuwa cha kusikitisha. Bodi ilikuwa imeliwa na chumvi, na vyuma vimeshikana kwa kutu. Walakini sehemu nyingi za ndani zilikuwa zingali za kutengenezeka. Owen alifanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya kumi, akifungua, akisafisha, akifanya upya kilichokuwa hakifai tena, na kutafuta vipande mahali pengine. Yaani alifanya kazi ile ile waliyoifanya Zborowski na Thomas kabla yake. Mwisho wake injini ya Liberty ikawaka tena, na leo Babs ni fahari ya jumba la makumbusho lililojengwa papo hapo Pendine.

Tena ufukuzi huo ulileta faida isiyotazamiwa. Mabaki yalipochunguzwa, ile habari ya mnyororo ilitiwa shaka. Wachunguzi waliona kuwa yamkini gurudumu la nyuma la upande wa kuume ndilo lililovunjika kwanza, na mnyororo ukakatika kwa sababu ya ajali, wala si ajali kwa sababu ya mnyororo. Kwa muda wa miaka 42 watu walikuwa wameulaumu mtindo wa zamani, na huenda lawama hiyo haikuwa ya haki. Historia nayo iko hivyo. Jambo linalosemwa na wote laweza kuwa si kweli, nasi hatutalijua mpaka atokee mtu atakayekubali kuinama, achimbe, na atazame kwa macho yake.

Hata sasa wako watu wanaounda speshali kwa vipande vya kale. Huko Uingereza chama chao kilianzishwa mwaka 1934, na gari walipendalo zaidi ni lile lililoundwa kabla ya mwisho wa mwaka 1930. Mmoja hupata fremu zizini kwa mkulima, mwingine hupata giaboksi chini ya meza ya karakana, na huenda miaka mingi ikapita kabla ya vipande hivyo kukutana. Atakayewacheka na akumbuke Babs. Vipande vyake vingi vilikuwa vimekwisha kutupwa na mtu fulani kabla ya kuokotwa na mtu mwingine. Kilichovigeuza kuwa gari la kwanza duniani ni elimu ya mtu aliyejua kila kipande kingeweza kufanya nini. Na kilichomwua mtu huyo, kama wachunguzi walivyodhani, ni kipande kimoja kilichoombwa kufanya zaidi ya uwezo wake. Fundi mwema hujua yote mawili: nguvu ya chuma chake, na mpaka wa nguvu hiyo.