Nyimbo 17 za Queen zilichaguliwa na nani?

Roger Taylor hana wimbo hata mmoja katika albamu iliyouzwa kuliko zote katika historia ya Uingereza. Dramu zinazosikika humo ni zake, ile sauti nyembamba inayopaa kuliko zote katika sehemu ya opera ya "Bohemian Rhapsody" ni yake, na uso wake umo kwenye jalada. Lakini soma majina ya watunzi, moja baada ya jingine, hutamwona. Freddie Mercury ana nyimbo 10, Brian May ana 5, John Deacon ana 2. Jumla 17, hesabu imefungwa.

Albamu yenyewe ni Greatest Hits ya Queen, iliyotoka mwishoni mwa 1981 chini ya lebo ya EMI. Bendi ilikuwa inatimiza miaka 10 tangu Deacon, mpiga besi, alipojiunga na kuwakamilisha wanne. Waliamua kusherehekea kwa mkupuo: santuri ya vibao vyao, mkanda wa video ulioitwa Greatest Flix na kitabu cha picha kilichoitwa Greatest Pix. Picha ya jalada ilipigwa na Lord Snowdon, aliyewahi kuwa mume wa Princess Margaret. Mwaka 2014 ikawa albamu ya kwanza kuuza nakala milioni 6 nchini Uingereza, na mwaka 2022 ikavuka milioni 7, pamoja na usikilizaji wa mtandaoni.

Kwa albamu iliyopendwa kiasi hicho, mtu angedhani nyimbo zake zilichaguliwa kwa mjadala mrefu, wanne wale wamekaa mezani, kila mmoja akimpigania mtoto wake. Ukizipanga santuri ndogo za Queen kwa tarehe na kuweka pembeni nafasi iliyofika kila moja kwenye chati ya Uingereza, unaona kitu kingine kabisa. Kati ya 1973 na 1980 bendi ilitoa nchini humo santuri ndogo 19. Kumi na tano ziliingia katika ishirini bora, nne zikashindwa. Zote 15 zimo. Zote 4 hazimo. Kigezo hicho hakikumjali mtunzi, wala hakikujali bendi inaupenda wimbo gani jukwaani. "Good Old-Fashioned Lover Boy" ulifika namba 17 mwaka 1977, ukapita. "Tie Your Mother Down", ambao May na gitaa lake waliutumia kuwasha moto kwenye maonyesho, uliishia namba 31 mwaka huohuo, ukaachwa nje. Na kwa kuwa hadi wakati huo Taylor hakuwa ametunga wimbo uliotolewa kama kibao kikuu, hakuwa na cha kuwasilisha. Zamu yake ilikuja mwaka 1984 kwa "Radio Ga Ga", uliofika namba 2.

Santuri 15 zinatoaje nyimbo 17? Jibu liko upande wa pili wa santuri ndogo. "Bicycle Race" na "Fat Bottomed Girls" zilitoka pamoja mwaka 1978, pande mbili zenye hadhi sawa, kwa hiyo zikaingia zote na kupangwa jirani. Nyongeza ya pili ni "We Will Rock You". Wimbo huu ambao leo hupigwa karibu kila uwanja wa mpira duniani, watu wakikanyaga mara mbili na kupiga kofi moja, ulitoka Uingereza mwaka 1977 kama upande wa nyuma wa "We Are the Champions". Haukuwa kibao kwa maana ya chati. Uliingia kwa sababu hadhira ilikuwa imekwisha kuuchukua na kuufanya wake, na nadhani hapo ndipo pekee ambapo masikio ya watu yalishinda karatasi ya mauzo.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo msikilizaji wa leo halijui: nafasi. Santuri ya vinili inapendelea dakika 20 na ushee kila upande. Ukizidisha, mifereji inabidi ichongwe myembamba na kusogezwa karibu karibu, sauti inapungua nguvu na besi inakuwa ya kwanza kuumia. Queen walijaza dakika 29 kila upande. Nyimbo 8 upande wa kwanza, 9 upande wa pili, tofauti ya sekunde chache tu kati ya pande mbili. "Fat Bottomed Girls" uliingia kwa toleo fupi la santuri ndogo, si lile refu la albamu ya Jazz. Na kwa watu wa enzi za kanda, mpango huo ulileta neema ambayo haikutangazwa popote: kanda ya dakika 60 ilibeba albamu nzima bila kukata wimbo. Uliweka santuri, ukabonyeza kitufe chekundu, ukageuza pande zote mbili kwa wakati mmoja, ukawa na Queen yako.

Pale chati ilipomaliza kazi, kazi ya binadamu ikaanza: kupanga nani amfuate nani. Nyimbo hazikufuatana kwa miaka, na ninaona huo ulikuwa uamuzi bora kuliko wote. "Seven Seas of Rhye" wa 1974, kibao chao cha kwanza kabisa, umerushwa hadi karibu na mwisho. Mlango unafunguliwa na "Bohemian Rhapsody", uliokaa namba moja kwa wiki 9 kuanzia Novemba 1975. Sikiliza unavyokwisha: piano inatulia, sauti ya Mercury inashuka hadi karibu kunong'ona, kisha linagongwa gongo moja na mwangwi wake unafifia taratibu. Kabla hujapumua, besi ya Deacon inaingia na zile noti tatu za "Another One Bites the Dust", kavu, hazina pambo lolote. Kutoka opera hadi dansi la Wamarekani weusi ndani ya sekunde chache. Mtu asiyeijua bendi hii anaambiwa hapohapo kwamba hawa wanaweza kupiga chochote. Mwishoni kabisa zimewekwa "We Will Rock You" na "We Are the Champions", kwa mfuatano uleule walioufungia maonyesho yao.

Yote haya ni habari ya Uingereza. Hapakuwa na orodha moja ya dunia nzima. Kila nchi ilipata albamu yenye jina lilelile lakini nyimbo zilitegemea vibao vilivyotamba huko. Marekani, chini ya lebo ya Elektra, ilipata nyimbo 14. Haikuanza na "Bohemian Rhapsody", kwani kule ulikuwa umefika namba 9 tu. Ilianza na "Another One Bites the Dust", uliokalia namba moja mwaka 1980. Ikaongezewa "Keep Yourself Alive", wimbo wao wa kwanza wa 1973 ambao Uingereza haukugusa chati hata kwa bahati mbaya, na "Under Pressure" walioimba na David Bowie, uliokuwa bado wa moto kutoka studio ya Montreux nchini Uswisi. Waingereza hawakuwekewa "Under Pressure" mwaka huo, ingawa ulipanda hadi namba moja kwao mwezi Novemba. Walisubiri miaka 10, hadi Greatest Hits II ilipotoka Oktoba 1991, wiki chache kabla Mercury hajafariki tarehe 24 Novemba.

Lakini Wamarekani nao walipoteza. "Don't Stop Me Now" haumo katika toleo lao la 1981. Ulipotoka mwaka 1979 ulifika namba 9 Uingereza na namba 86 Marekani, na May mwenyewe amesema hakuuchangamkia sana mwanzoni. Mpiga gitaa wa bendi ya roki, na gitaa halipewi nafasi ya maana hadi katikati ya wimbo! Leo ni miongoni mwa nyimbo zao zinazosikilizwa kuliko nyingine, nao umevuma upya mara nyingi kuliko baadhi ya zile zilizofika namba moja. Mtu anayetegemea chati ya mwaka mmoja kuamua kitakachodumu, huu ni wimbo wa kumwonyesha.

Mwaka 1992 yalitokea makubwa zaidi. Filamu ya vichekesho Wayne's World iliwaonyesha vijana ndani ya gari wakitikisa vichwa kwa "Bohemian Rhapsody", na wimbo ukarudi kwenye chati ya Marekani hadi namba 2. Hollywood Records, iliyokuwa imenunua haki za Queen nchini humo, iliukimbiza kwenye mkusanyiko mmoja ulioitwa Classic Queen. Miezi michache baadaye ikatoa Greatest Hits mpya yenye jalada jekundu, nayo, kwa kuwa wimbo ule ulikwisha kuuzwa kwingine, haikuuweka. Kwa hiyo ipo Greatest Hits ya Queen isiyo na "Bohemian Rhapsody". Duka likipewa haki ya kuhariri, litahariri kwa kuangalia bidhaa nyingine iliyopo rafuni.

Iran ilichagua kwa jicho tofauti. Mwaka 2004 mamlaka za huko ziliruhusu kanda ya vibao vya Queen iuzwe kihalali, na ikaripotiwa kuwa ni bendi ya kwanza ya roki kupewa kibali hicho. Baadhi ya nyimbo za mapenzi ziliondolewa, na ndani ya kasha kulikuwa na kijitabu cha kueleza maana. Maelezo ya "Bohemian Rhapsody" yalisema ni kisa cha kijana aliyeua mtu kwa bahati mbaya na kumuuzia shetani roho yake, kisha usiku wa kuamkia kunyongwa akamwita Mungu kwa kusema bismillahi, na kwa neno hilo akaipata tena roho yake. Nimesoma tafsiri nyingi za wimbo huo kutoka kwa wahakiki wa Ulaya, na sioni sababu ya kuidharau hii. Imeanzia kwenye neno lililomo ndani ya wimbo wenyewe. Na Mercury alikuwa Mparsi, mtu wa jamii ya Wazoroasta ambao mababu zao waliondoka Uajemi kwenda India. Wairani walikuwa na haki ya kumsikiliza kama ndugu.

Ninazozihurumia ni zile nyimbo nne zilizoachwa nje. Mmoja ni "Spread Your Wings" wa Deacon, namba 34 mwaka 1978, habari ya kijana anayefagia baa na kuota maisha mengine. Uchungu mkubwa zaidi uko kwa "Love of My Life". Toleo lake la jukwaani liliishia namba 63 Uingereza mwaka 1979. Miezi michache tu kabla ya Greatest Hits kutoka, Queen walikuwa Amerika Kusini, na mwezi Machi 1981 waliujaza uwanja wa Morumbi mjini São Paulo kwa usiku mbili mfululizo. May alikaa na gitaa lake la nyuzi 12, Mercury akaacha kuimba, na umati wa watu wasiozungumza Kiingereza ukaumaliza wimbo wenyewe. Bendi iliyaona hayo kwa macho. Kwenye santuri ya Waingereza wimbo huo haukupewa hata dakika moja.

Zanzibar haikuwahi kuulizwa. Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, kwa jina la Farrokh Bulsara, tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa shule ya bweni India, akarudi, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Nyimbo 10 kati ya zile 17 zilitoka kwa mtoto huyo wa Unguja, na tangu 2019 kuna jumba la makumbusho yake Shangani. Kama lingetolewa toleo letu, ningeupigania "Mustapha". Ndio unaofungua albamu ya Jazz ya 1978. Mercury anauanza peke yake, bila ala, kwa sauti ndefu inayopanda na kupindapinda, anamtaja Allah, anatoa salamu ya Kiislamu, anachanganya maneno ya Kiarabu na mengine ambayo hayana lugha. Hispania waliutoa kama santuri ndogo, Uingereza hawakuutoa, kwa hiyo haukuwa na namba ya kuuingiza popote. Mtoto aliyekulia Mji Mkongwe alikuwa na sauti kama hizo masikioni kutoka kila upande, alfajiri hadi usiku. Ningeuweka wa kwanza upande wa pili, na kuupisha ningeondoa "Flash", ambao ni muziki wa filamu na bila filamu yake unapwaya.