Gati la Likoni na Bei ya Kuvuka

Neno liko, katika Kiswahili cha Mombasa, lina maana ya mahali pa kushukia: pale vyombo vinapotiwa pwani, abiria wengine wakapanda na wengine wakateremka. Mji wa Likoni, basi, haukupewa jina la mtu wala la mti. Ulipewa jina la kazi yake. Ng'ambo ya pili, kwenye kisiwa, pana Kilindini, na jina hilo latokana na kilindi, yaani maji ya kina kirefu. Baina ya majina mawili hayo imo historia nzima ya kivuko hiki. Upande mmoja ni haja ya watu ya kupata pa kutua. Upande wa pili ni kina kinachotakiwa na meli kubwa za biashara. Haja hizo mbili zakutana katika mkono wa bahari wenye upana wa yapata nusu kilomita, na tangu mji ulipoanza kukua hazijapata kupatana.

Mombasa ni kisiwa, na kisiwa hakiwi mji mkubwa mpaka kimefungamana na bara. Upande wa magharibi kifungo hicho kilitengenezwa mapema, kwa kuwa reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 haikuweza kwenda Uganda bila ya kuvuka Makupa. Upande wa kaskazini daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, na mwaka 1980 mahali pake pakashikwa na daraja jipya. Upande wa kusini peke yake ndio uliobaki kuitegemea feri. Sababu yake si uvivu wa watawala wala uchache wa fedha peke yake. Mwaka 1926 gati mbili za kwanza za maji marefu zilikamilika Kilindini, na meli iendayo huko haina njia nyingine ila kupita mbele ya Likoni. Daraja la chini lingeifungia bandari mlango. Daraja la juu lingehitaji kimo cha kupitisha meli kubwa na gharama isiyokuwa na mfano wake katika pwani hiyo. Kilindi kilichoifanya Mombasa kuwa mlango wa Afrika ya Mashariki ndicho kilichowanyima watu wa kusini njia kavu.

Kabla ya feri watu walivuka kwa mashua na mitumbwi, na mvukaji alipatana na mwenye chombo. Mwaka 1937 ndio utajwao kuwa mwanzo wa huduma ya feri iliyopangwa. Kwa miaka mingi huduma hiyo iliendeshwa na kampuni ya mabasi ya mji, wala jambo hilo si la ajabu: feri ilihesabiwa kuwa ni kipande cha barabara, na abiria wake kuwa ni wale wale wa basi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliichukua kazi hiyo mikononi mwake. Baadaye ikawa chini ya shirika la Kenya Ferry Services. Na mwaka 2021 uendeshaji ukatiwa chini ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Mabadiliko hayo si ya majina matupu. Kila mwendeshaji alikuja na fikira yake juu ya mvukaji ni nani. Kwa kampuni ya mabasi, mvukaji ni mteja. Kwa serikali, ni raia. Kwa mamlaka ya bandari, ambayo kazi yake ya asili ni meli na shehena, yumo katika hatari ya kuonekana kuwa ni kizuizi katika njia ya meli.

Ili kuufahamu uzito wa jambo hili, yafaa kulitazama gati lenyewe. Gati la Likoni si ukuta uliosimama wima majini; ni mteremko wa saruji uingiao baharini. Feri, ambayo inaweza kuondoka kwa upande wowote bila ya kugeuka, huja ikalaza mlango wake wa chuma juu ya mteremko, watu na magari wakatoka, wengine wakaingia, ikaondoka. Ufundi huo ni mwepesi na wa busara, walakini watawaliwa na mwezi. Wakati wa bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa kadiri ya mita tatu au zaidi. Yakipwa sana, pembe baina ya mlango na mteremko huwa kali, na malori marefu hukwama au hungojeshwa mpaka maji yajae. Tena, meli ikiingia au ikitoka bandarini, feri haina budi kuipisha. Msimamizi wa gati, basi, ana saa tatu za kufuata: saa ya maji, saa ya meli, na saa ya mwajiri anayemngoja mfanyakazi wake upande wa pili. Hakuna hata moja katika hizo aliyo na amri juu yake.

Katika miaka ya 2010 hesabu iliyokuwa ikitajwa mara kwa mara ni ya watu wapatao 300,000 na magari yapatayo 6,000 kwa siku moja. Wengi wao ni wakazi wa Likoni na vitongoji vyake, ambao kazi zao, shule zao na masoko yao yako kisiwani. Wengine ni wasafiri wa barabara kuu iendayo Diani, Lunga Lunga na Tanga. Matatu nyingi huishia penye feri. Abiria hushuka, huvuka kwa miguu, kisha hupanda matatu nyingine na kulipa nauli ya pili. Feri yenyewe, kwa mtembea kwa miguu, ni bure. Wenye magari na pikipiki hulipa. Mwenye miguu yake halipi.

Hapo ndipo penye swali kubwa la historia ya kivuko hiki. Kuvuka bure ni haki ambayo watu wa Likoni wameishika kwa nguvu, nao wana hoja. Mtu wa Nyali apita juu ya daraja bila ya kuulizwa kitu. Mtu wa Changamwe apita Makupa vile vile. Kwa nini yule wa kusini, ambaye hakuichagua bahari iliyo mbele yake, atozwe fedha kwa ajili ya kwenda katika mji wake mwenyewe? Walakini huduma isiyolipiwa na wengi wa watumiaji wake huitegemea hazina, na hazina ina wengi wanaoiomba. Ikikosa fedha, feri moja hulala kwa matengenezo, kisha ya pili, na zilizobaki huzidiwa. Hapo mvukaji huanza kulipa kwa njia nyingine. Hulipa kwa saa zake. Mvumilivu hula mbivu, wasema wahenga. Lakini kibarua wa kutwa aliyechelewa kwa sababu ya kuvumilia foleni hupata kibarua kimekwisha kupewa mwingine. Bei ya kuvuka haikufutwa, ila imehamishwa kutoka mfukoni ikatiwa katika muda. Na muda ukiwa ndio bei, kila mtu hujitahidi kuipunguza kwa kukimbilia feri iliyopo, ijapokuwa imejaa.

Matokeo ya jambo hilo yalionekana wazi asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, katika kivuko cha Mtongwe, ndani zaidi ya bandari hiyo hiyo. Feri iliyotengenezwa ichukue watu 300 ilikuwa imebeba wapatao 400. Ilipinduka mita 40 tu kutoka pwani, na watu 272 wakafa. Mita 40 ni masafa ambayo mtu aliye ukingoni aweza kumwita mwenziwe kwa jina akaitikiwa. Hawakufa kwa dhoruba, wala hawakufa katika kilindi cha mbali. Walikufa wakienda kazini, karibu na nchi kavu, katika safari ya dakika chache.

Msiba ule kwa kawaida huandikwa katika hesabu ya misiba ya baharini, nao kwa haki wastahili kuandikwa pia katika hesabu ya makosa ya nchi kavu. Chombo hakijazi watu chenyewe. Hujazwa penye gati. Kabla ya nahodha kuondoka, pana mlango, na penye mlango hutakiwa mtu mwenye mamlaka ya kusema kwamba idadi imetimia na aliyebaki angoje. Neno hilo ni jepesi kulitamka na zito kulitimiza, kwa kuwa anayeambiwa angoje ndiye atakayekatwa mshahara. Mlinzi wa mlango asiyekuwa na hakika ya lini feri nyingine itakuja hawezi kuwazuia watu mia kwa maneno. Feri ya pili ingekuwapo, neno lake lingekuwa na nguvu.

Miaka 25 baadaye, jioni ya tarehe 29 Septemba 2019, gari moja liliteleza kinyumenyume kutoka katika feri iliyokuwa ikivuka Likoni, likazama na mama na mtoto wake. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, baada ya siku kumi na mbili. Katika siku hizo taifa zima lilifundishwa maana ya neno kilindi, na watu waliokuwa wakivuka kila siku bila ya kufikiri walianza kuutazama mlango wa feri kwa macho mengine. Mlango huo wa chuma ni sehemu ya chombo na ni sehemu ya gati pia. Ndicho kiungo cha viwili hivyo, na penye kiungo ndipo ulinzi hulegea, kwa kuwa kila upande hudhani kwamba upande wa pili unaangalia.

Mwaka uliofuata ukaleta jaribio la namna nyingine. Tarehe 27 Machi 2020 ilianza amri ya kutotoka nje usiku, iliyotolewa kwa ajili ya kuzuia ugonjwa wa korona. Kila mtu alitakiwa awe nyumbani saa moja ya jioni. Likoni, maelfu waliokuwa wametoka kazini walikuwa wangali wakiingoja feri, wakasongamana kuliko siku zote, na polisi wakawatawanya kwa virungu na moshi wa kutoa machozi. Watu walipigwa kwa kosa la kuchelewa, na kilichowachelewesha ni kivuko cha serikali iliyotoa amri. Haukupatikana mfano ulio wazi kuliko huo wa kuonyesha kwamba muda wa maskini, penye gati, huhesabiwa na wengine na kulipwa na yeye.

Kutokana na msongamano huo serikali ilijenga kwa haraka daraja la kuelea la watembea kwa miguu baina ya Liwatoni na Ras Bofu, lililokuwa likitumika mwanzoni mwa mwaka 2021. Daraja hilo lilikuwa na sehemu ya kati iliyofunguliwa ili meli zipite, nalo lilitumiwa kwa saa maalumu, asubuhi na jioni. Hata hapo, basi, ugomvi wa tangu zamani haukwisha: miguu ya watu ilipita kwa ruhusa ya meli.

Anayedhani kwamba nauli ndogo ingetosha kuondoa matatizo hayo na atazame Dar es Salaam, ambako mlango wa bandari hutenga Magogoni na Kigamboni kama vile Kilindini ilivyotenga kisiwa na Likoni. Huko mtembea kwa miguu hulipa. Nauli ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200 mwanzoni mwa mwaka 2012, wakazi walinung'unika, na Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, John Pombe Magufuli, aliwajibu kwamba asiyeweza kulipa apige mbizi au azunguke kwa Kongowe. Jibu hilo limekumbukwa kuliko hesabu yoyote ya mapato. Hata hivyo foleni za Magogoni hazikwisha kwa shilingi ile, na nafuu kubwa ilikuja mwaka 2016, daraja la Nyerere lilipofunguliwa Kurasini na Magufuli huyo huyo, akiwa sasa ni Rais. Mabandari mawili, basi, yamejaribu njia mbili: moja imetoza fedha, nyingine imetoza muda. Katika zote mbili mvukaji ameachiwa kulipa, na katika zote mbili chombo kimebaki kuwa kichache kuliko watu.

Twaa, kwa hiyo, hukumu ya historia hii katika maneno machache. Gati la kivuko hudhaniwa kuwa ni mahali pa kupita, na kwa ajili hiyo hudharauliwa; fedha hutumiwa kununua feri, na picha hupigwa siku feri inapofika. Lakini mambo matatu yaliyowaua watu au kuwadhalilisha katika bandari ya Mombasa yalianzia ukingoni: mlango usiofungwa idadi ilipotimia, kiungo kisichokaguliwa, na foleni iliyohesabiwa kuwa ni kosa la waliomo ndani yake. Mpango wa daraja refu la juu, litakalopitisha meli chini yake, umezungumzwa mara nyingi, na siku moja huenda likasimama. Mpaka hapo, kuvuka bure kutakuwa ni haki kamili pale tu itakapojulikana, kwa hakika na kwa saa, lini feri ya pili itakuja. Na mlinzi wa mlango ataweza kusema “imetosha” bila ya mtu yeyote kupoteza chakula cha siku kwa sababu amemtii.