Helmeti Mbili na Paa la Makuti

Paa la makuti likishika moto Diani, Pwani ya Kenya, maji ya mpira hayaufikii moto kwa urahisi. Fundi aliyelifunga alilifunga hasa ili maji yasipenye: kuti juu ya kuti, kuanzia upenuni kwenda kileleni, kila safu ikifunika vifundo vya safu iliyo chini yake. Mvua ya masika huteleza juu yake, na maji ya zimamoto huteleza vivyo hivyo, huku moto ukitembea kwa ndani ukifuata fito. Kamba zikishaungua, makuti huanza kushuka. Hayaji kwa mpigo mmoja. Huja vipande vipande yakiwa yanawaka, yakifuatwa na fito, na mwisho boriti. Aliyesimama chini na upembo akiyavuta ana hofu na moto ulio mbele ya uso wake, lakini ule anauona. Asiouona ni ule unaomshukia kisogoni.

Kwa hiyo nikilinganisha helmeti za zimamoto za Marekani na za Ulaya, swali langu la kwanza ni hilo la kisogo. Watu wengi huanzia kwenye sura. Ile ya Kimarekani ina ukingo mpana uliorefuka nyuma, matuta juu ya utosi na ngao mbele ya paji la uso. Ya Ulaya ya siku hizi ni ganda la mviringo linaloteremka hadi masikioni, na kioo cha uso kinachojificha ndani ya ganda lenyewe, kama kofia ya rubani wa ndege ya kivita. Moja inaonekana ya kale, nyingine ya kesho. Lakini kila moja ilizaliwa na nyumba za kwao na namna zinavyoungua.

Ile ya Marekani ilitoka mikononi mwa Henry Gratacap, fundi wa ngozi wa New York aliyetengeneza mabegi ya safari za baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Alijua ngozi inavyopaswa kushonwa ili istahimili maji na misukosuko ya melini. Alichukua vipande vya ngozi nene, akaviunganisha kwa mishono iliyosimama kama matuta ili ganda lisibonyee likigongwa, kisha akaurefusha ukingo wa nyuma. Ukingo ule ulikuwa na kazi. Maji yanayomwagika kutoka ghorofa za juu, makaa na vipande vya dari vilipaswa kuteleza mgongoni bila kuingia ndani ya kola. Ukoo wa Cairns uliendeleza kazi hiyo, na hata leo, helmeti zinapotengenezwa kwa plastiki ngumu na nyuzi za kioo, umbo halijabadilika sana. Miji ya Marekani imejaa nyumba za mbao, na wazimamoto wao wana desturi ya kuingia ndani na kupanda juu ya paa kulitoboa ili moshi utoke. Mtu wa kazi hiyo huangukiwa na vitu kila siku.

Ulaya ilipita njia nyingine. Mnamo Julai 1810, moto uliteketeza ukumbi wa dansi wa balozi wa Austria mjini Paris, Napoleon mwenyewe akiwa miongoni mwa wageni. Mwaka uliofuata aliunda kikosi cha kijeshi cha kuzima moto, na tangu hapo zimamoto ya Paris ni ya askari. Helmeti zao zikawa za shaba ya njano zilizong'arishwa, zenye kishungi juu kama za askari wa farasi. Kapteni Eyre Massey Shaw aliipeleka sura hiyo London katika miaka ya 1860, na zimamoto nyingi za Uingereza zikaifuata. Umeme ulipoenea majumbani, shaba ikageuka hatari kichwani mwa mtu anayepapasa gizani kwenye nyaya zilizokatika, na kufikia miaka ya 1930 London ilikuwa inaiacha. Kisha mwaka 1985 kampuni ya Gallet ya Ufaransa ikawatolea wazimamoto wa Paris helmeti iitwayo F1: ganda lililoshuka hadi masikioni, kioo cha uso ndani yake, na mahali pa kuning'iniza barakoa ya hewa pande zote mbili. Nchi nyingi za Ulaya zikaiga.

Viwango vya ubora navyo vinafuata nyumba hizo. Kiwango cha Marekani, kilichojulikana kwa miaka mingi kama NFPA 1971, hutaka helmeti iwekwe ndani ya tanuri la nyuzi 260 za selsiasi kwa dakika tano bila kuharibika. Kile cha Ulaya, EN 443, kinakubali maumbo mawili: moja linaloishia juu ya masikio na jingine linaloteremka zaidi kulinda pande za kichwa. Anayesema helmeti fulani "imefaulu" bila kutaja kiwango gani hajamsaidia mnunuzi.

Kenya imezipokea mila zote mbili, na ya Waingereza ikatangulia, kwa kuwa zimamoto za miji yetu zilianzishwa enzi za ukoloni. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kazi ya kuzima moto kwa kaunti, na tangu 2013 kila kaunti hujitafutia. Bajeti ni finyu, kwa hiyo misaada ina nafasi kubwa. Shirika la Africa Fire Mission kutoka Ohio limewafundisha wazimamoto wa Kenya na kuwaletea vifaa. Wapolandi kupitia shirika lao la PCPM wamefanya vivyo hivyo katika kaunti kadhaa. Nawashukuru wote wawili kwa dhati. Lakini matokeo yake ni kwamba umbo la helmeti ya mzimamoto wa Kenya mara nyingi huamuliwa na mji aliotoka mfadhili, wala si na paa atakalosimama chini yake.

Tuziweke basi chini ya paa letu. Kwa moto wa makuti unaopigwa kutoka nje, upembo mkononi, ukingo mrefu wa Gratacap unafaa kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Kaa likidondoka linateleza na kuanguka nyuma ya visigino. Helmeti ya Ulaya hutegemea kitambaa cha kuzuia moto kinachoning'inia kisogoni, na kitambaa hicho kina udhaifu mmoja: huondolewa. Joto la Pwani likizidi, mtu hukifungua apate upepo, kisha kengele inalia na hakipo.

Mambo yanageuka mtu anapoingia ndani. Anayetambaa kwenye ukumbi wa hoteli akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, kila akiinua kichwa kutazama mbele, ukingo wa nyuma unagonga mtungi na kumlazimisha ainame tena. Matuta yale nayo yanapandisha uzito juu, na helmeti ya ngozi ikiwa na vifaa vyake huweza kukaribia kilo 2. Baada ya saa nzima shingo inalalamika. Ganda la Ulaya limekaa chini zaidi, uzito wake umelala karibu na fuvu, nalo haling'ang'anii nyaya wala fito zilizoning'inia. Na kikosi kidogo cha kaunti hakizimi makuti tu. Barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga ina malori, matatu na bodaboda, na mzimamoto yule yule ndiye anayejipenyeza ndani ya gari lililopondeka kumtoa majeruhi kabla ya safari ya hospitali ya Msambweni. Ndani ya gari, ukingo mpana ni kizuizi.

Kuna jambo la uso pia, ambalo wataalamu wa viwango hawalipimi. Vioo vingi vya helmeti za Ulaya vimepakwa rangi ya dhahabu ili kurudisha joto. Aliye ndani anaona, wa nje anajiona mwenyewe. Katika Afrika Mashariki ya ukoloni ulivuma uvumi kwamba wazimamoto huwakamata watu usiku na kuwanyonya damu, na Pwani hofu hiyo ilichanganyika na habari za mumiani. Mwanahistoria Luise White aliiandikia kitabu kizima mwaka 2000. Mtoto aliyejificha chini ya kitanda kwenye moshi anahitaji kuona macho ya mtu. Mzimamoto mwenye kioo cha dhahabu afundishwe kukiinua na kusema "njoo, mwanangu" kabla ya kunyoosha mkono.

Hukumu yangu, basi, inaegemea ganda la Ulaya kwa kikosi cha Kwale, kaunti yenye Diani, kwa sababu ya wingi wa kazi zake, lakini kwa sharti kwamba kitambaa cha kisogo kiwe kirefu, kishonwe kisiweze kutolewa bila kifaa, na kiteremke juu ya kola ya koti. Bitana ya ndani iwe ya kuchomoka na kufuliwa, maana jasho la Diani mwezi wa Februari huiozesha. Na barakoa za hewa ziagizwe pamoja na helmeti, ziwe za kukubaliana. Barakoa ya kunasa ubavuni mwa ganda la Ulaya haina pa kushika kwenye helmeti ya Marekani, na ile ya mikanda ya kichwani inaweza kukosa nafasi chini ya ganda lililobana. Mchanganyiko huo ukifika stoo kwenye masanduku tofauti ya msaada, mtu huugundua siku ya moto.

Anayepokea msaada ageuze kila helmeti na asome tarehe iliyobandikwa ndani. Kanuni za Marekani, zilizojulikana kwa miaka mingi kama NFPA 1851, zinataka helmeti iondolewe kazini ikitimiza miaka 10 tangu ilipotengenezwa, hata kama inang'aa. Iliyofika Kwale ikiwa na umri wa miaka tisa ina mwaka mmoja tu wa kazi.

Na kabla kaunti haijatangaza zabuni, ningependa kuona jaribio moja ambalo halimo kwenye EN 443 wala NFPA. Mafundi wa Ukunda wajenge banda la makuti, boriti za mkoko, fito na kamba za kawaida, katika uwanja wa mazoezi, lichomwe siku ya kusi kali, kusi lile lile linalorusha makaa kutoka hoteli moja hadi nyingine kando ya ufuo. Waliofuzu wasimame upenuni na upembo kwa zamu, huyu na ya Ohio, yule na ya Paris, kisha waeleze kilichowaingia ndani ya kola. Askari wa mahoteli na mafundi wa makuti waalikwe pia, maana wao ndio hufika juu ya paa kabla gari la zimamoto halijawasili, kichwani wakiwa na kofia ya kitambaa au bila chochote, na helmeti chache zilizotundikwa karibu na mapokezi ya kila hoteli zingewahusu wao kwanza.